Kinyonga wa porini siku ya 5 hali chochote, mchana anafumba macho. Nakosea wapi?

#1 Ndimu_Kavu
Wakuu habari. Nimepewa kinyonga aliyekamatwa porini, leo ni siku ya tano yuko kwangu. Mwili ni urefu wa kiganja changu, mkia mbali. Siku ya kwanza alikuwa kijani kibichi, sasa muda mwingi ni kahawia iliyokolea yenye madoa meusi. Nyuma ya kichwa ana vipande viwili vya ngozi kama masikio.

Hajala hata mdudu mmoja. Nimemweka kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki, nikatia tawi, bakuli la maji na panzi sita. Tangi liko juu ya meza ndogo sebuleni, kusudi azoee watu. Mwanga ni taa ya kawaida ya chumba. Kila jioni namtoa namtembeza mkononi robo saa ili anizoee.

Jana mchana nimemkuta amefumba macho. Nikimgusa anafumbua, nikiondoa mkono anafumba tena. Nakosea wapi, au ndio tabia yao? Sijawahi kufuga mtambaazi, nimefuga samaki tu.

#2 Jicho_Pembeni
Nipo siti ya mbele.

#3 MzeeWaTawi
Kwanza acha kumtoa. Kuanzia leo mkono wako usimguse mpaka aanze kula. Wewe unaona matembezi, yeye anaona kila jioni amenyakuliwa na mwewe.

Pili, maji. Vinyonga wengi hawajui kwamba bakuli lina maji. Porini wanalamba umande na matone ya mvua kwenye majani, kinachowavuta ni kitu kinachometa na kuchuruzika. Maji yaliyotulia kwake ni sakafu. Kwa hiyo huyo ana siku tano hajanywa, jumlisha na siku alizokaa kwa aliyemkamata ambazo huzijui. Chukua kopo, litoboe chini kwa sindano tundu moja tu, liweke juu ya majani lidondoshe polepole nusu saa mpaka saa nzima asubuhi. Halafu toka chumbani. Kuna wengine hawanywi wakitazamwa.

Tatu, angalia choo chake. Ile sehemu nyeusi ni kinyesi, nyeupe ndiyo mkojo. Ikiwa nyeupe safi, maji yanamtosha. Ikiwa chungwa, amekauka. Kinyonga mzima hafumbi macho mchana, hilo lichukulie kwa uzito.

#4 Fundi_Vioo
Namheshimu MzeeWaTawi ila kwangu maji ni la pili. La kwanza ni hilo tangi. Kioo ukiwasha taa ndani kinarudisha sura. Vinyonga ni wapweke, dume akikutana na dume ni vita, hata jike hataki mwenzake karibu. Sasa huyo wako toka asubuhi anatazamana na adui asiyeondoka, pande zote nne. Usishangae amekolea rangi na kufumba macho, hana pengine pa kukimbilia ila kutoona.

Halafu hewa haitembei, unyevu ukiingia unakaa. Tengeneza tundu la wavu, lisimame kwenda juu, siyo kulala. Sentimita 45 kwa 45, kimo 90, hapo kinyonga mmoja mkubwa anapumua. Jaza majani mpaka wewe mwenyewe uhangaike kumtafuta. Na litoke kwenye meza ndogo. Tawi lake la juu liwe juu ya kichwa chako ukisimama. Anayetazamwa kutoka juu anajihesabu ameshaliwa.

#5 ChupaTupu
Anajiona kwenye kioo asubuhi anakosa hamu ya kula? Karibu kwenye chama.

#6 Tunguja
Mnazunguka mbuyu. Wa porini ni minyoo, siku zote minyoo. Mpe ivermektini ya ng'ombe, tone moja tu kwenye mdomo. Kesho kutwa atakula mpaka umkimbie.

#7 PimaKwanza
Tunguja, hariri hilo chapisho kabla mtu hajalifuata. Mimi ni daktari wa wanyama. Ivermektini inaua kobe, hilo linajulikana miaka mingi, na kwa vinyonga madaktari wengi wa watambaazi wanaikwepa. Tena unayoisema imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Huyu sidhani anafika gramu 60. Hilo tone utalipimaje?

Minyoo anayo, karibu kila mnyama wa porini anayo. Kuwa na minyoo na kuugua minyoo ni vitu viwili. Porini akijisaidia anasonga mbele, mti mwingine, tawi jingine. Kwenye tundu anakanyaga uchafu wake, mayai ya minyoo yanamrudia, na mwili ukishachoka idadi inapanda. Ipo pia aina ya Foleyella, inaenezwa na mbu, hiyo unaweza kuiona inajikunja chini ya ngozi kama uzi. Njia ni moja: kinyesi kibichi, kiwe na unyevu ndani ya kichupa kilichofungwa, kifike kwenye hadubini siku hiyo hiyo. Dawa zipo, fenbendazoli kwa mfano, lakini kipimo kinatokana na uzito na aina ya kimelea. Na mnyama aliyekauka haanzishiwi dawa, anaanzishiwa maji.

#8 Tunguja
Daktari na heshima zako, wangu nilimpa hiyo hiyo na akapona.

#9 PimaKwanza
Aliishi muda gani baada ya kupona?

#10 Tunguja
Miezi miwili. Lakini alikufa kwa sababu nyingine.

#11 ChupaTupu
Aisee.

#12 Ndimu_Kavu
Ahsanteni. Nimesoma nikaogopa. Amejisaidia mara moja tu, siku ya pili: cheusi, na ncha ya rangi ya chungwa kama kiini cha yai. Macho nikitazama vizuri yamezama kidogo. Kumtembeza nimeacha. Leo nimeweka kopo la matone ila sijui kama amekunywa kwa sababu nilitoka chumbani kama mlivyoniambia.

Halafu kitu kingine, yale masikio ananyanyua nikisogea. Anasikia nyayo zangu?

#13 ChakiNyeupe
Siyo masikio. Kinyonga hana tundu la sikio upande wa nje kabisa. Hivyo ni vipande vya ngozi nyuma ya kichwa, anavinyanyua ili aonekane mkubwa. Anakwambia usogee mbali. Kwa maelezo yako huyo ni Chamaeleo dilepis, wameenea eneo kubwa sana la Afrika kusini mwa Sahara.

Na kabla hamjaanza: habadiliki rangi ili afanane na tawi. Rangi yake ya kupumzika ndiyo inayomficha. Kubadilika kunatokana na joto, hofu, ugomvi na mapenzi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwa kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis, kwamba ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo za guanini. Akitulia fuwele zinakaribiana, akichemka zinaachana, na mwanga unaorudi unageuka rangi. Weusi wenyewe ni kazi ya melanini.

#14 ChupaTupu
Kwa hiyo miaka yote tunawaita watu vinyonga tukidhani ni wanafiki, kumbe kinyonga ndiye pekee asiyeweza kuficha anachojisikia.

#15 Jicho_Pembeni
Hii ya #14 nimeihifadhi.

#16 Kivuli_Nyuzi30
ChakiNyeupe umetaja joto halafu ukapita. Rudini hapo. Mleta mada ana "taa ya kawaida ya chumba". Huyu mnyama hajitengenezei joto. Asubuhi porini anageuka ubavu kwa jua, ule ubavu unakuwa mweusi unyonye joto, akishapata anarudi kijani. Wa kwako ni mweusi kutwa kwa sababu kutwa nzima anasubiri jua lisilokuja. Na bila joto hata akimeza panzi hataweza kumsaga, ataozea tumboni. Kukataa kula hapo ni akili.

Weka balbu ya joto juu ya wavu, tawi la kuotea liwe sentimita 20 hadi 30 chini yake, upime kwenye tawi penyewe, siyo ukutani. Nyuzi 29 hadi 31 zinamtosha. Pengine pote tunduni pawe nyuzi 22 hadi 26 ili akichoka joto ashuke. Usiku zima kila kitu, nyuzi 18 ni sawa kabisa. Msimwekee balbu nyekundu usiku, anaiona.

Na isiwe balbu tu. Anahitaji taa ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana, ili atengeneze vitamini D3, bila hiyo kalsiamu haiingii mwilini na mifupa inalainika. Jua la dirishani halihesabiki, kioo kinazuia UVB.

#17 MzeeWaTawi
Joto nakubali, ila Kivuli usilipeleke mbele ya maji. Ukimwotesha mnyama aliyekauka unamkausha zaidi. Ncha ya chungwa imeshasema.

#18 Kivuli_Nyuzi30
Na ukimnywesha mnyama aliyepoa maji yanakaa tumboni tu. Nimeona pia.

#19 MamaPanzi
Mbona hakuna aliyeuliza kama ni jike? Dume ukimtazama chini mwanzoni mwa mkia pamevimba, jike pamenyooka. Ndimu, tazama bila kumshika, akipanda wavu utaona tumbo lote.

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Jike wangu wa kwanza alikuja hali, kahawia, anashuka chini usiku. Nikasikiliza habari za minyoo, habari za mfadhaiko, wiki mbili zikapita. Alikuwa na mayai. Hakuwa na pa kuchimba, akayabana tumboni mpaka yakamuua. Nilipompasua nilikuta ishirini na tisa. Na wala hakuwa amekutana na dume kwangu. Jike wa porini anaweza kuja tayari amebeba, na wanahifadhi mbegu za dume kwa muda.

#20 Ndimu_Kavu
Pole sana MamaPanzi. Nimetazama. Mwanzoni mwa mkia pamenyooka. Tumbo ni la mviringo ubavuni, nilidhani ndiyo afya. Na kweli, usiku wa jana nilimkuta chini kwenye kona anakwaruza kioo.

#21 MamaPanzi
Basi leo leo tafuta ndoo. Mchanga uliochanganywa na udongo, kina sentimita 25 au 30, ulowe kiasi kwamba ukichoma shimo kwa kidole halibomoki. Uweke ndani ya tundu, funika pande kwa kitambaa, usichungulie. Akikuona anachimba ataacha, na akiacha mara mbili tatu anaanza kuyabana.

#22 Fundi_Vioo
Kukwaruza kona ya kioo si lazima mayai. Dume wangu alikwaruza kona wiki nzima, alikuwa anataka kutoka tu. Kinyonga haelewi kioo. Nilipomhamishia kwenye wavu akaacha siku hiyo hiyo.

#23 MamaPanzi
Dume wako hakuwa na tumbo la mviringo.

#24 Fundi_Vioo
Alikuwa nalo, alikula vizuri.

#25 SinaHaraka
Mimi ni mtu wa kutofanya kitu. Wa porini wangu alikaa siku 11 bila kula. Sikumpima, sikumpa dawa, nilifunika tundu kwa shuka pande tatu, nikadondosha maji, nikaacha inzi wachache wanaruka ndani. Siku ya 12 nikasikia "tap". Ulimi. Kinyonga mkubwa anaweza kukaa bila chakula muda mrefu kuliko moyo wako unavyovumilia. Kinachowaua ni mwenye naye kuhangaika.

Msimlazimishe kwa kumfunua mdomo. Ule ulimi unarushwa kutoka kwenye mfupa mwembamba ndani ya koo na unafika mbali kuliko urefu wa mwili wake. Ukiuumiza, umemnyang'anya kijiko maisha yake yote.

#26 PimaKwanza
SinaHaraka, siku 11 kwa mnyama mwenye akiba na anayekunywa, sawa. Huyu macho yamezama na anafumba mchana. Subira yako isigeuke kuwa usingizi.

#27 Kofia_Chini
Nitakuwa mchungu kidogo. Mnafundishana kumtunza kiumbe ambaye jana alikuwa huru. Mrudisheni alikotoka. Na kibali mnacho? Vinyonga wa jenasi ya Chamaeleo wamo Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 ukaanza kutumika 1975.

#28 ChakiNyeupe
Kofia uko sawa kwenye mkataba, ila tuuseme wote. Kiambatisho cha II hakikatazi kufuga, kinasimamia biashara ya kuvuka mpaka: hakuna kinyonga anayetoka nchi moja kwenda nyingine bila kibali. Kumkamata na kumweka nyumbani ni sheria ya nchi yenyewe, na nchi nyingi zinataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori hata kabla hujamgusa. Ndimu, hilo liulize kwenu, usilipuuze.

#29 MamaPanzi
Kurudisha siyo kufungua mlango. Kama unajua mti aliotolewa na hajakaa karibu na watambaazi wengine, mrudishe pale pale mapema, ni jambo jema kuliko yote hapa. Kama hujui alikotoka, au alikaa kwenye boksi moja na wanyama wa kila aina, unaweza kuwapelekea wenzake ugonjwa ambao hawakuwa nao.

#30 Ndimu_Kavu
Kofia sijakasirika, nimelifikiria. Aliyenipa anasema "huko vichakani". Nikimuuliza vichaka gani anacheka. Na kwake alikuwa kwenye ndoo na kobe wawili. Kibali nitauliza.

#31 Kofia_Chini
Ndoo na kobe wawili. Sawa, narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu.

#32 Mkia_Mfupi
Samahani kuingilia uzi. Mimi nilimkamata mjusi kafiri ukutani nimfuge, mkia ukanibakia mkononi, unacheza wenyewe. Utaota? Na kinyonga mkia wake ukikatika?

#33 ChakiNyeupe
Wa mjusi wako utaota, ila ndani utakuwa gegedu siyo mfupa, na hautafanana na wa kwanza. Anahifadhi mafuta humo, kwa hiyo mwache apumzike na umlishe. Kinyonga hana mpango huo. Mkia wake ni mkono wa tano, ukikatika umekatika.

#34 Tunguja
Na jihadharini, kinyonga aking'ata ana sumu.

#35 ChakiNyeupe
Hana. Anavimba, anafura, anang'ata, inauma kama kubanwa na kibanio cha nguo. Mijusi wenye sumu inayojulikana vizuri ni wa Heloderma, wa Marekani na Meksiko. Kuhusu mjusi wa Komodo wa Indonesia, mwaka 2009 watafiti walieleza tezi za sumu, na mpaka leo wataalamu wanabishana ina kazi kiasi gani.

#36 ChupaTupu
Tunguja leo umefungwa mabao mangapi?

#37 Tunguja
Mechi haijaisha.

#38 Ndimu_Kavu
SIKU YA 9. Wakuu AMEKULA.

Nimefanya hivi. Tundu la wavu nimelisuka mwenyewe, limekaa juu ya kabati. Majani tele. Balbu ya joto na taa ya UVB, kwenye tawi pananisomea nyuzi 30. Matone asubuhi na jioni. Ndoo ya mchanga chini. Shuka pande tatu. Jana amekaa chini ya balbu saa nzima, akarudi kijani, lakini siyo kile cha siku ya kwanza. Leo saa tano nimesikia ile "tap". Panzi mmoja, halafu inzi. Macho hajafumba toka juzi.

#39 Fundi_Vioo
Kutoka tu kwenye kioo! Nilisema.

#40 MzeeWaTawi
Matone mara mbili kwa siku kwa siku nne, halafu macho yakafunguka. Sina la kuongeza.

#41 Kivuli_Nyuzi30
Amekaa chini ya balbu SAA NZIMA akarudi kijani. Mnasoma lakini?

#42 SinaHaraka
Mlipomwacha peke yake akala.

#43 PimaKwanza
Hongera Ndimu. Sasa tatizo ni kwamba umebadili vitu sita kwa wakati mmoja. Vizuri kwa mnyama, vibaya kwa sisi tunaobishana. Hakuna hapa anayeweza kudai ushindi, na hatujaondoa minyoo wala mayai. Kula panzi mmoja siyo kupona.

Fanya mawili. Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ya jikoni inayosoma gramu, tawi juu yake apande mwenyewe. Namba zikishuka wiki mbili mfululizo usituandikie, nenda kwa daktari. Pili, kinyesi kipya kilete kipimwe. Na mizani hiyo isirudi jikoni. Watambaazi wengi wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuugua. Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa tundu, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

#44 MamaPanzi
Na hao panzi unawatoa wapi? Wa kuokota penye dawa ya kunyunyizia watamuua kwa kilichomo tumboni mwao. Usimpe vimulimuli, kuna mijusi wamekufa kwa kimulimuli mmoja. Wenye rangi za kung'aa waache pia, hiyo rangi ni onyo. Walishe wadudu majani mabichi siku nzima kabla ya kuwatoa, kisha wapake unga wa kalsiamu usio na fosforasi, kwa sababu mdudu ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Jioni toa waliobaki. Nyenje mwenye njaa usiku anamtafuna kinyonga aliyelala.

#45 ChupaTupu
Nyenje anamla kinyonga. Mimi naendelea na samaki.

#46 Ndimu_Kavu
Siku ya 12. Nimekuwa kimya nikidhani mambo yamenyooka. Uzito juzi gramu 47. Jana amekula panzi wawili asubuhi, jioni amekataa. Leo amekataa kutwa. Amepanda na kushuka tundu lote mara nyingi, hatulii. Rangi ni kijani giza na madoa ya njano ambayo sikuwahi kuyaona. Kwenye ndoo kuna mashimo mawili, moja kina cha kidole, jingine kina cha kiganja. Yote ameyaacha.

#47 MamaPanzi
Ulichungulia?

#48 Ndimu_Kavu
...mara moja.

#49 MamaPanzi
Ndimu!

#50 Fundi_Vioo
Bado nasema anaweza kuwa anatafuta njia ya kutoka. Tundu ni jipya kwake, siku nne tu.

#51 Kivuli_Nyuzi30
Mchanga una joto gani? Majike wengine wanakataa udongo wa baridi, wanaanza wanaacha. Umepima juu ya tawi, chini hujapima.

#52 MzeeWaTawi
Au ni mkavu. Shimo la kwanza limebomoka lenyewe au ameliacha zima? Kama limebomoka, ongeza maji.

#53 Ndimu_Kavu
La kwanza limebomoka. La pili zima. Mchanga nimepima sasa hivi, nyuzi 21.

#54 Kivuli_Nyuzi30
Baridi.

#55 MzeeWaTawi
Mkavu.

#56 MamaPanzi
Amechungulia.

#57 Ndimu_Kavu
Siku ya 14. Nimelowesha mchanga, nimeusogeza chini ya balbu, nimefunika ndoo na sijachungulia, naapa. Hajataga. Nikaona nisingoje, leo nimempeleka kwa daktari anayejua watambaazi (si PimaKwanza, yuko mbali). Kwenye kinyesi wameona mayai ya minyoo, "wachache, si wa kutisha". Gramu 46. Alipomgusa tumbo kwa kidole alisema anahisi vitu vya mviringo vimepangana, ila kwa kidole hawezi kuapa, vinaweza kuwa mayai yanayokaribia, vinaweza kuwa vijiyai ambavyo bado havijakomaa, sehemu inaweza kuwa chakula. Keshokutwa picha ya eksirei. Kasema ndoo ibaki, dawa ya minyoo isubiri.

#58 Tunguja
MINYOO. Nilisema chapisho la sita. Nani ananidai?

#59 PimaKwanza
Soma tena. "Wachache, si wa kutisha." Na dawa imeambiwa isubiri.

#60 Tunguja
Wachache ni minyoo pia.

#61 SinaHaraka
Safari ya kwenda kwa daktari nayo imemrudisha nyuma siku tatu, mtaona.

#62 MamaPanzi
Macho yakizama tena au akianza kukaa chini mchana bila kuchimba, usingoje keshokutwa. Rudi usiku huo huo.

#63 MzeeWaTawi
Niambieni jambo moja tu. Anakunywa?

#64 Ndimu_Kavu
Anakunywa. Nimejificha nyuma ya mlango naandika hapa. Tone la nne hilo.